Kabla ya kumtafuta mchawi, pima sukari



 

Ndugu wasomaji, mada ya leo ni ya watu wazima. Wazazi wenye desturi ya kuwasomea watoto kurasa hizi jioni wairuke, kisha waisome wenyewe watoto wakishalala. Na tunaomba sana waisome wawili, mume na mke, kwani imeandikwa kwa ajili ya wote wawili.

Sisi tunaosomesha madrasa hapa Nyamirambo kazi yetu haiishii kwenye alifu na be. Baada ya swala ya Isha, watoto wakishakwenda zao, hubaki watu wazima wenye haja zao. Mmoja mwanawe hasikii, mwingine ana deni, mwingine amegombana na ndugu yake juu ya kiwanja cha marehemu baba. Na kila baada ya muda huja mwanamume ambaye hafungui mdomo mpaka wa mwisho aondoke. Huanzia mbali: usingizi hauji, biashara imekuwa nzito, mke amebadilika. Mwisho wa yote husema, kwa sauti ya chini, "Ustadhi, mimi nimefungwa." Maana yake ni kwamba hawezi tena kutimiza tendo la ndoa, na tayari ameshaamua kuwa kuna mtu aliyemfunga. Mara nyingi huwa na jina la mtu huyo. Mara nyingi jina hilo ni la mkwe, au la mke aliyeachwa zamani.

Sihiri ipo, Qur'ani imeitaja, na kusomewa ruqya ni jambo lenye asili katika sunna. Hapo hatuna mjadala na mtu. Lakini anapotujia mwanamume wa rika letu, wa miaka arobaini na kitu, mwenye kitambi, anayeamka mara nne usiku kwenda kukojoa na kunywa maji gilasi baada ya gilasi, akatuambia amefungwa na jirani, sisi humwuliza swali moja kabla ya kumsomea aya yoyote: ndugu yetu, sukari umepima lini? Jibu, karibu kila mara, ni kwamba hajapima tangu azaliwe.

Rai yetu katika makala haya ni moja. Hakuna mume anayefaa kusomewa, kuuziwa dawa ya nguvu, wala kufikishwa mbele ya wazee kwa ajili ya talaka kwa sababu ya upungufu wa nguvu za kiume, kabla hajapimwa sukari ya damu. Tunaona hivyo kwa sababu ya kitiba, na tunaona hivyo kwa sababu ya fiqhi. Tuanze na ya kitiba.

Dhakari haina mfupa. Kinachoisimamisha ni damu. Mwanamume anapopata hamu, ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ncha za mishipa hiyo, pamoja na utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hiyo huilegeza mishipa ya damu ikatanuka, damu ikaingia kwa wingi na kubanwa humo isitoke. Ili hayo yatokee, vitu vitatu lazima viwe vizima: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na homoni. Kisukari huvishambulia vyote vitatu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, ule utando wa ndani huharibika na kushindwa kutoa gesi yake ya kutosha. Mishipa ya fahamu nayo huchakaa, na ndiyo maana mgonjwa wa sukari hulalamika ganzi au moto kwenye nyayo. Anayehisi moto kwenye nyayo huenda kwa daktari. Mishipa iliyo kwenye sehemu za siri ikichakaa, huja kwetu kusema amefungwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na sisi tunaliona ndilo kubwa kuliko hata raha ya ndoa. Mishipa inayopeleka damu kwenye dhakari ni myembamba, upana wake ni kama milimita 1 hadi 2. Ile inayoulisha moyo ni kama milimita 3 hadi 4. Mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa hayachagui, huganda kote, lakini bomba jembamba ndilo huonyesha shida mwanzo. Sisi tunaoishi kwenye vilima na kutegemea maji ya bomba tunalielewa hilo bila kusomeshwa. Kwa hiyo madaktari wa moyo wanasema kuwa kupungua kwa nguvu za kiume mara nyingi hutangulia maradhi ya moyo kwa miaka 2 hadi 5. Huyo anayeona haya kumwambia mtu kuhusu kitanda chake, huenda anaficha onyo la moyo alilopewa mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Je, jambo hili ni la wachache? Utafiti mashuhuri uliofanywa katika jimbo la Massachusetts huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kuwa waliopoteza nguvu kabisa walikuwa karibu 10 katika kila wanaume 100 wa umri wa miaka 40 hadi 70. Kwa wale waliokuwa wakitibiwa kisukari, walikuwa 28 katika 100. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 145 zenye wanaume zaidi ya 88,000 wenye kisukari, wakakuta zaidi ya nusu yao wana tatizo hili kwa kiasi fulani, dogo au kubwa. Na hapa kwetu Afrika, hesabu ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021 ilikuwa watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wanajua kuwa wanao. Unganisha hesabu hizi mbili, ndugu msomaji, utaona ni wanaume wangapi wanaohangaika kwa waganga kwa ugonjwa ambao tone moja la damu kwenye kidole lingeutaja.

Sasa tuje kwenye homoni, maana siku hizi neno testosteroni limeingia hadi vijiweni, na vijana wanalitamka kama wanavyotaja majina ya wachezaji wa mpira. Testosteroni hutengenezwa kwenye korodani, lakini amri hutoka kichwani, kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 2004 madaktari wa mji wa Buffalo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 103 wenye kisukari cha aina ya pili, ile inayowapata watu wazima. Theluthi moja walikuwa na testosteroni ya chini. Na kwa wengi wao korodani hazikuwa na ubaya, ila amri kutoka kichwani ilikuwa dhaifu. Mafuta ya tumboni yana mkono mkubwa katika hili. Ndani ya mafuta hayo kuna kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike. Testosteroni ikipungua, misuli hupungua na kitambi huzidi, na kitambi kikizidi insulini hushindwa kufanya kazi yake na sukari hupanda zaidi. Mtu anazunguka humo kama ng'ombe wa kinu.

Hapa panahitaji uangalifu, kwani watu huchanganya mambo mawili. Kazi kubwa ya testosteroni ni kuleta hamu. Mwanamume ambaye hamu anayo, moyo unataka lakini mwili hauitikii, mara nyingi tatizo lake liko kwenye mishipa. Ambaye hamu yenyewe imekufa, alfajiri haamki na dalili yoyote, amechoka mchana kutwa na misuli imelegea, huyo apimwe na homoni. Kipimo hicho huchukuliwa asubuhi kabla ya kula, kwa kuwa homoni hii huwa juu asubuhi, na hurudiwa siku nyingine kabla ya kutoa hukumu. Anayepimwa mara moja saa kumi jioni akaambiwa "homoni zako zimekwisha, nunua sindano", ameuziwa sindano.

Na sindano hizo zina kisa chake. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa, ambapo wanaume wazima wa afya walidungwa testosteroni kila wiki. Lengo halikuwa kuwaongezea nguvu. Lilikuwa ni kupima kama inafaa kuwa njia ya uzazi wa mpango! Na zaidi ya nusu yao, katika muda wa miezi sita, mbegu za uzazi ziliisha kabisa. Kwani mwili ukipewa homoni kutoka nje, kichwa huacha kutoa amri na korodani hulala. Kijana wa miaka thelathini anayetafuta mtoto, akajidunga sindano ya mtaani ili awe dume, anajifungia mlango kwa mkono wake. Hatusemi kuwa tiba hii haina mahali pake. Huko Australia mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa wanaume 1,007 wenye matumbo makubwa na testosteroni ya chini, wote wakifuata mpango wa lishe na mazoezi. Baada ya miaka miwili, waliopewa sindano za kweli walikuwa na kisukari 12 katika 100, na waliopewa za bandia 21 katika 100. Ni tofauti ya kweli. Lakini pia karibu mmoja katika kila watano wa waliopewa ya kweli damu yao ilikuwa nzito kupita kiasi, jambo linalohitaji daktari wa kulifuatilia. Muuza vipodozi hawezi kulifuatilia.

Tumewataja wauzaji, basi tusiwapite. Mwaka 2008 huko Singapore watu wapatao 150 waliingizwa hospitalini katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka, sukari zao zikiwa zimeshuka vibaya, na wala hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Wengi walikuwa wametumia dawa za magendo za nguvu za kiume. Zilipochunguzwa zilikutwa zimechanganywa na glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, tena kwa kiwango kikubwa. Saba walibaki hawana fahamu, na wanne walifariki. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza asali ya nguvu katika vipakiti, kwani ndani ya asali hiyo walikuta sildenafili na tadalafili, dawa za hospitali, bila kuandikwa popote. Mtu mwenye moyo dhaifu anayetumia dawa za jamii ya naitreti akila asali kama hiyo, presha yake inaweza kuporomoka akafa kitandani, na watu wakasema ajali ya kheri.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu biashara hii imevaa kanzu. Chupa inaandikwa kwa Kiarabu, inatajwa sunna, inauzwa mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa. Asali ni shifaa, Qur'ani imesema, nasi tumesadiki. Lakini asali ni tamu pia, na mwenye kisukari ambacho hakijapimwa anayekunywa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni kwa ajili ya nguvu anaongeza sukari juu ya sukari. Mwuzaji akiwa mkweli na amcheAllah, na amwulize mnunuzi kama amepima. Hatujasikia bado anayeuliza.

Wapo pia wanaosema dawa yake ni mke kijana. Hao tuwaache, isipokuwa tuwakumbushe kuwa mtu hubadilisha mke na mishipa ikabaki ile ile.

Ama upande wa fiqhi, kuna jambo ambalo sisi wenye kusomesha tunalipita haraka darasani kwa kuona haya, na laiti lingesomeshwa kwa utuvu. Mafaqihi wameandika mlango mzima juu ya mume asiyeweza kumwingilia mkewe. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kuwa mke akishitaki, mume hupewa muhula wa mwaka mmoja. Jumhuri ya wanavyuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wameishika hukumu hiyo. Kwa nini mwaka? Wametaja hikima yake: misimu minne ipite, kwani udhaifu huenda umetokana na joto, au baridi, au ukavu, au unyevu, na msimu ukibadilika mwili nao ukabadilika. Kwa elimu ya tiba ya zama zao, huo ulikuwa ndio uchunguzi kamili. Waliona kuwa huenda huyu ni mgonjwa, wakampa muda wa kuonekana ugonjwa wake.

Tunajua kuwa wengi wa mafaqihi wameifunga haki hii kwa mke ambaye mumewe hajamfikia hata mara moja katika ndoa hiyo, na kwamba mwenye watoto wanne na miaka kumi na tano ya ndoa mlango wake wa kudai ni mwingine, na hapa kwetu Rwanda hakuna mahakama ya kadhi bali kuna mahakama za serikali. Hilo waachiwe wenye elimu. Sisi tunachoshika ni ile roho ya hukumu. Ikiwa Sayyidna Umar alimpa mume miezi kumi na miwili wakati hakuna kipimo cha sukari wala maabara, inakuwaje wazee wetu wa leo huwatenganisha watu kwa kikao kimoja cha baada ya Alasiri, na maabara iko mtaa wa pili? Tunapendekeza, na tunawaomba masheikh wanaosuluhisha ndoa watusikilize: kesi ya namna hii ikifika, jambo la kwanza liwe ni karatasi ya kipimo cha sukari na presha. Kisha mume apewe muda wa kujitibu kwa kweli, na mke aambiwe ukweli wa jambo lenyewe. Na haki ya mke isizimwe kwa jina la subira. Muhula ni wa kutibiwa, na mume anayeutumia kujificha amemdhulumu mwenzake mwaka mzima.

Kuhusu haya, tukumbuke kisa cha yule mwanamke aliyekuwa mke wa Rifaa, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alimjia Mtume (s.a.w.) akaeleza hali ya mumewe wa pili kwa mfano wa ncha ya nguo. Watu walikuwepo, na kuna aliyeona vibaya kusema hayo pale, lakini Mtume (s.a.w.) hakumkaripia, alitabasamu. Ikiwa jambo hili liliweza kusemwa mbele ya mbora wa viumbe, linaweza kusemwa mbele ya muuguzi wa kituo cha afya.

Wake wengi hubeba mzigo huu kwa namna nyingine. Mume akishindwa mara mbili tatu, huanza kulala sebuleni, huchelewa dukani, huwa mkali kwa mambo madogo. Mke hudhani amechukiwa, au kuna mwanamke nje. Mume hudhani mke anamdharau. Kumbe wote wawili wanaugulia kitu kimoja bila kuambiana. Mke ndiye huona mwanzo kuwa mume anaamka sana usiku, na kwamba suruali zinamlegea mwilini na tumbo liko pale pale. Dada zetu, mkiona hayo, msingoje. Na lipo hili ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja: mume mwenye kisukari anaweza kufikia kilele na manii yasitoke, kwa kuwa yamerudi kwenye kibofu. Hilo ni athari ya sukari kwenye mishipa ya fahamu, na huenda ndiyo sababu mtoto hapatikani, kwa hiyo daktari aambiwe. Ama josho, ni wajibu kwa jimai yenyewe, yametoka au hayakutoka.

Je, inatibika? Kwa wengi, kuna nafuu kubwa. Mwaka 2004 madaktari wa Naples, Italia, walitoa utafiti wa wanaume 110 wanene wenye upungufu wa nguvu, ambao bado hawakuwa na kisukari. Nusu yao walifundishwa vizuri kupunguza uzito na kufanya mazoezi. Baada ya miaka miwili, karibu theluthi moja ya hao waliofundishwa walirudia hali ya kawaida. Wale ambao sukari imeshawapata, kuishusha na kuidhibiti huilinda mishipa iliyobaki. Sildenafili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, inawasaidia pia: katika utafiti wa mwaka 1999 kwa wanaume wenye kisukari, 56 katika 100 walipata nafuu, na kwa waliopewa kidonge kitupu walikuwa 10. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari aliyekwisha kuuangalia moyo wako. Na usiache vidonge vya presha kwa sababu umesikia vinaua nguvu. Ni kweli baadhi yake vinachangia, lakini daktari anaweza kukubadilishia, ilhali kiharusi hakibadilishwi.

Neno juu ya vinywaji, mtuvumilie. Sisi Waislamu tumejiepusha na pombe, Alhamdulillah, lakini hapa mjini tumeiweka fanta mahali pake. Harusi kreti, akika kreti, mgeni akija chupa mbili, na mtu akisema anataka maji huulizwa kama amekasirika. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100. Ongeza chai ya maziwa iliyokolea sukari pamoja na chapati mbili asubuhi, na mandazi baada ya Alasiri, kisha tukae dukani mpaka Magharibi bila kutembea hata hatua mia tano. Bwana harusi anayemeza chupa ya nne usiku wa harusi yake hajui anachokiharibu.

Kwa wanaoishi Kigali, hakuna udhuru wa gharama. Tangu mwaka 2016 mji wetu una Jumapili za barabara bila magari, na watu hupimwa sukari na presha bure hapo hapo barabarani. Wenye kadi ya mutuelle waende kituo cha afya. Ndugu zetu wa Buyenzi, Bukavu na Goma waulize kwenye zahanati iliyo karibu, kipimo cha kidole ni cha dakika chache. Nenda asubuhi hujala kitu kwa saa nane au zaidi. Ikiwa sukari ni 126 au zaidi kwa hesabu ya miligramu, ambayo ni 7.0 kwa hesabu nyingine ya maabara, hicho ni kiwango cha kisukari na kipimo kirudiwe ili kuhakikisha. Kati ya 100 na 125 ni onyo. Na ukifika kwa daktari usiseme unaumwa kiuno. Wanaume wetu wana kiuno kinachouma sana mbele ya madaktari. Sema: nguvu za kiume zimepungua, tangu mwezi fulani, na hamu ipo au haipo. Mkeo akiwepo ni bora zaidi, kwani atakumbuka tarehe uliyoisahau.

Sisi kwa upande wetu tumekwisha kuzungumza na muuguzi mmoja, Muislamu wa mtaani kwetu. Katika darasa lijalo la maharusi, Insha-Allah, baada ya somo la haki za mume na mke, atakaa mezani na kifaa chake. Watakaoanza kutoa kidole ni walimu.